Anza na ng'ombe: namna ya kufinyanga visanamu vya Zama za Mawe Mapya kwa udongo wa Luiche

Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa Historia, alinikuta uani kwangu hapa Ujiji nikiwa na matope hadi viwikoni. "Shikamoo shangazi. Hebu tazama hiki, unaweza kunifinyangia?" Akanionyesha picha kwenye simu: mtu mdogo wa udongo ameketi kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti, mikono mashavuni, kama abiria aliyefika Kibirizi akakuta boti imeshaondoka. Nikamwambia hiyo ni kazi ya nusu saa. Akacheka. Kisha akaniambia kina miaka kama elfu saba.

Nilinawa mikono nikaishika simu mwenyewe. Nimefinyanga vyungu, mitungi na majiko kwa zaidi ya miaka thelathini, kazi niliyofundishwa na mama mkwe wangu, na ile shingo niliifahamu. Ilibanwa kwa kidole gumba na cha shahada, mara moja, bila kurudia. Mtu ambaye hajawahi kuona chuma wala gurudumu aliubana udongo vile ninavyoubana mimi.

Tangu hapo, kila likizo ya Juni watoto wa mtaani na wanafunzi wa mwalimu wangu hujaa uani, na walimu wa mbali hunipigia simu kuuliza. Nimechoka kurudia kwa mdomo. Mjukuu anachapa, mimi nasema.

Jambo moja kabla ya udongo. Zama za Mawe Mapya, ambazo wataalamu huziita Neolithiki, ni wakati watu walipoanza kulima, kufuga na kukaa mahali pamoja huku zana zao zikiwa bado za mawe. Hazikuanza siku moja duniani kote. Kusini mashariki mwa Ulaya wakulima wa kwanza walifika karibu mwaka 7000 KK au baadaye kidogo, wakati Mashariki ya Kati watu walikuwa wameshalima kwa muda mrefu. Kwetu Tanzania wafugaji walikuja baadaye sana: pale Luxmanda, mkoani Manyara, kuna mabaki ya makazi yao ya miaka kama 3,000 iliyopita, na vyungu vyao, na zana zao za mawe. Kwa hiyo mtoto akikuambia "nimetengeneza sanamu ya kale", muulize ya wapi na ya lini. Asipojua, mrudishe kwenye picha. Hapa kwangu hakuna anayegusa udongo kabla hajaitaja nchi ya kisanamu chake.

Udongo

Udongo wangu nautoa bonde la Luiche, pembeni mwa mashamba ya mpunga, maji yakishapungua. Ondoa ule wa juu mweusi wenye mizizi, uchimbe hadi ufike ule wa kijivu unaong'ang'ania jembe. Kama uko mbali na mto, tafuta kichuguu kilichohamwa. Mchwa wameshakuchambulia, kazi yako ni kubeba. Rafiki yangu wa Tabora hatumii kingine ila kichuguu, na vyungu vyake havina shida.

Kipimo ni rahisi. Sokota kamba nene kama kidole cha mwisho, uizungushe kwenye kidole gumba. Ikikatika, mchanga umezidi. Ikipinda bila ufa, ni udongo wa kufinyanga. Ikikunata hadi huwezi kuiachia, ni mnono mno na utapasuka ukikauka, lakini usiutupe, una dawa yake. Kipimo cha pili ni kuweka punje ya udongo kati ya meno ya mbele na kusikiliza chenga. Wajawazito wa mtaani kwangu hawahitaji kufundishwa hicho.

Uanike ukauke kabisa. Hapa watu hukosea, huloweka udongo ukiwa na unyevu, unabaki na mabonge hata ukiukoroga wiki nzima. Udongo mkavu ukitiwa majini huvunjika wenyewe kama biskuti kwenye chai. Utwange kidogo, uloweke siku tatu, uchuje kwa kipande cha wavu wa dagaa. Chandarua kilichochakaa kinafaa pia. Kizima kiache kitandani. Kisha umwage tope juu ya gunia kivulini hadi liache kushika vidole.

Sasa ile dawa. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga, na mimi nakuambia gae hilohilo ukimaliza kulia ulitwange. Vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikitwangwa na kuchekechwa, changanya konzi moja kwa konzi nne za udongo. Gae limeshapita motoni, halisinyai tena, na linauachia mvuke njia ya kutokea. Wafinyanzi wa kale nao walichanganya: wengine mchanga, wengine makapi ya nafaka yaliyoungua yakaacha matundu ambayo bado yanaonekana kwenye udongo. Kwa kisanamu kisichozidi kiganja, usiweke chenga kubwa, zitakutoboa pua ya mtu wako.

Kanda, ufunge kwa nailoni, uache ulale wiki moja. Ukifungua ukasikia harufu ya kisima cha zamani, uko tayari.

Anza na ng'ombe

Kila mtu anayekuja kwangu anataka kuanza na yule mama mnene aliyeketi katikati ya chui wawili. Namkatalia. Anza na ng'ombe, nami nitakuambia kwa nini.

Yule mama ametoka Çatalhöyük, kijiji kikubwa cha kale katika tambarare ya Konya, Uturuki. Watu walianza kukaa pale karibu mwaka 7100 KK, wakakaa zaidi ya miaka elfu moja. Nyumba zilibanana bila vichochoro, wenyewe waliingia kwa ngazi kutokea juu ya paa, na wafu wao waliwazika chini ya sakafu. Ukisoma habari zake utaonyeshwa yule mama kila ukurasa, utadhani kijiji kizima kilikuwa kinafinyanga yeye. Sivyo. Sehemu kubwa ya visanamu vilivyotoka pale ni wanyama, vidogo, vimefanywa harakaharaka, vingi havikuchomwa sawasawa, na vingi vimekutwa majalalani pamoja na mifupa na majivu.

Mwalimu aliponisomea hayo niliwaona wale wavulana wachungaji wa njia ya Uvinza, wanaofinyanga ng'ombe pembeni mwa lambo huku ng'ombe wenyewe wakinywa maji. Jioni wanaenda nyumbani, ng'ombe wa udongo wanabaki palepale, mvua inawarudisha kuwa tope.

Basi, chukua donge kama limau dogo. Lizungushe viganjani hadi liwe yai. Usibandike miguu. Vuta. Bana pembe nne za yai kwa chini na uzivute zitoke, fupi na nene kama kucha za kidole gumba. Kila kiungo unachokibandika ni mahali ulipomwambia udongo avunjikie. Kwa kichwa, bana upande mmoja wa yai mpaka shingo itokee, kisha vuta pembe mbili kwenda nje. Zikiwa mbichi usizipinde. Zitalegea kama masikio ya mbuzi. Subiri zipate nguvu kidogo, ndipo uzipinde mara moja. Usizisubirie zaidi ya hapo. Udongo uwahi ungali maji.

Ukichukua zaidi ya dakika tano, mponde uanze upya. Sisemi hivyo kwa ukali. Visanamu hivyo vya wanyama vilikuwa vya dakika tano, na mkono unaochelewa unaanza kutia mapambo ambayo hayakuwapo. Fanya kumi. Wa kumi ndiye ng'ombe.

Ukitaka kufanya zaidi, wapo ng'ombe wa 'Ain Ghazal, karibu na Amman, Jordan. Pale walikutwa wawili wadogo wa udongo waliochomwa vijiwe vyembamba vya gumegume mwilini kabla hawajakauka. Kuwinda, kuagua, au mchezo wa watoto wakali? Watoto wa uani kwangu walipojaribu kwa vipande vya mwanzi walinyamaza wote kwa muda, jambo ambalo ni nadra. Angalia tu usiache mwanzi ndani wakati wa kukausha: udongo unasinyaa, mwanzi hausinyai, ufa utaanzia hapo.

Palepale 'Ain Ghazal zilipatikana pia sanamu kubwa, zilizochimbuliwa miaka ya 1983 na 1985, nyingine zikikaribia mita moja, za chokaa iliyosilibwa juu ya matete yaliyofungwa kwa kamba. Matete tunayo. Chokaa mbichi inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo hizo siwafundishi watoto.

Yule wa kigoda

Sasa rudi kwa abiria wetu. Alipatikana mwaka 1956 katika makaburi ya kale huko Cernavodă, Romania, kando ya mto Danube, pamoja na mwenzake mwanamke aliyeketi chini. Watu waliowafinyanga wanaitwa wa utamaduni wa Hamangia, karibu mwaka 5000 KK. Ana urefu wa sentimita 11 na nusu hivi, na leo yuko Bucharest. Dunia inamwita Mfikiriaji. Jina hilo silipendi. Ametoka makaburini, na kwetu mtu akiketi hivyo msibani hatusemi anafikiri. Lakini hayo ni yangu.

Kabla ya kumwanza, pima udongo wako unasinyaa kiasi gani. Tengeneza kijiti cha sentimita 10, ukikaushe na ukichome pamoja na mzigo wowote, ukipime tena. Wangu unarudi na 9. Kwa hiyo nikitaka mtu wa 11 na nusu namfinyanga karibu 13.

Finyanga kigoda kwanza, miguu minne mifupi, ukiache kipate nguvu. Mwili ni koni nene, pana nyongani. Shingo ni ndefu na nene kuliko unavyotaka iwe, na ukiipunguza iwe kama ya mtu halisi umeshampoteza. Uso ni bapa, umeinuliwa juu kidogo, na macho ni vishimo viwili vya pembetatu. Mikono ni kamba mbili nyembamba. Hapo huna budi kubandika, basi bandika kiungwana: chora mikwaruzo pande zote mbili kwa mwiba, paka udongo uliokorogwa mzito kama uji wa mgonjwa, bana, kisha sugua mshono hadi usiuone. Kati ya mkono na kifua kuna uwazi. Watoto huuziba kwa kuogopa. Uache wazi, ndio unaompa uzito wake.

Akiwa mgumu kama sabuni ya mche iliyosahauliwa juani, chukua kokoto laini ya ziwani na umsugue taratibu hadi ang'ae. Usitie mafuta. Mng'ao unatokana na chembe za udongo kulala upande mmoja, na ukisugua akiwa mkavu mno utamkwaruza tu.

Kwa nyuso nyingine, fanya hivi. Wa Vinča, karibu na Belgrade, Serbia, ambao Miloje Vasić alianza kuwachimbua mwaka 1908, wana uso wa pembetatu kama barakoa, macho makubwa, pua iliyobanwa, na mara nyingi mdomo haupo kabisa. Usiwawekee. Matundu ya mikononi na pembeni mwa kichwa toboa kwa spoku ya baiskeli, udongo ukiwa bado unakubali. Na wa Sha'ar HaGolan, katika bonde la mto Jordan, wana macho ya kubandika yaliyolala mshazari, kila jicho lina mfereji katikati. Wanaowaeleza wanasema yanafanana na punje za kahawa. Nilimtuma mtoto dukani akaniletea punje tatu za kahawa ya Kalinzi, tukaziweka karibu na picha, na kweli.

Yule mama, kwa wanaong'ang'ania

Haya, umefanya ng'ombe kumi na mtu mmoja, unamtaka mama. Alipatikana mwaka 1961, wakati James Mellaart akichimba Çatalhöyük, ndani ya pipa la udongo la kuhifadhia nafaka. Ameketi, mikono juu ya vichwa vya wanyama wawili wa jamii ya paka, kila upande mmoja. Ni kazi ya donge moja kubwa na utulivu. Tatizo lake ni unene: tumbo na mapaja vikiwa vizito kuliko mikono, ndani havikauki. Mtoboe kwa chini na kijiti hadi katikati ya mwili, tundu dogo, hakuna atakayeliona.

Kichwa je? Hicho unachokiona kwenye picha ni cha mafundi wa siku hizi. Alipatikana bila kichwa. Kwa hiyo anayeiga uso wake kwa umakini mkubwa anamuiga fundi wa makumbusho. Mimi humfinyanga bila kichwa na kuacha shingo imekatika. Mwalimu mmoja alinilalamikia kwamba nimempa sanamu mbovu.

Tena pale Çatalhöyük vipo visanamu ambavyo shingoni vina tundu lililotobolewa makusudi, la kuchomeka kichwa na kukichomoa. Hao hao watu walikuwa wakitoa mafuvu ya baadhi ya wafu wao kaburini na kuyatunza. Ukifinyanga mwili wenye tundu na vichwa vitatu vya kubadilisha, mtoto ataelewa upesi kuliko kwa kusomewa: mwili mmoja, leo bibi, kesho mwingine. Tundu lifanye pana kuliko unavyodhani, maana nalo linasinyaa.

Kuhusu kama huyu mama ni mungu. Marija Gimbutas, mzaliwa wa Lithuania aliyefundisha Marekani na kuchimba sana nchi za Balkani, aliamini visanamu vya wanawake vya Ulaya ya kale vilikuwa vya Mungu Mke mkuu, na wengi bado wanampenda kwa hilo. Peter Ucko aliandika mwaka 1968 kupinga haraka hiyo: vingine vinaweza kuwa wanasesere, vingine vifaa vya kufundishia, na mahali kilipokutwa kisanamu pana neno lake. Kwetu hilo si geni. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya utafiti Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima juu ya visanamu vya udongo vya jando na unyago, ambavyo wali, yaani vijana waliokuwa wakifundwa, walionyeshwa pamoja na nyimbo na mafunzo yake. Mtu asiyejua akikikuta kimoja shambani baada ya miaka elfu sita atasema nini? Atasema mungu. Na somo lake lilikuwa pengine "mheshimu mkweo".

Nusu mbili

Hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote, na hakuna anayekiulizia kwa sababu hakina sura. Katika makazi kadhaa ya kale ya Peloponnese, Ugiriki, likiwamo pango la Franchthi, vimekutwa vipande vya miguu ya udongo, mguu mmojammoja, upande wa ndani ukiwa bapa. Lauren Talalay alivichunguza akaona kwamba mwili ulifinyangwa kwa nusu mbili zilizoshikanishwa kidogo tu, ili zije zitenganishwe. Akapendekeza kwamba huenda zilikuwa alama za makubaliano kati ya watu au vijiji: wewe nusu, mimi nusu, siku tukikutana tunazilinganisha.

Tengeneza soseji mbili za urefu mmoja, kila moja ni mguu, paja na nusu ya kiuno. Laza pande zake za ndani juu ya ubao ziwe bapa. Zibandike kwa maji matupu, bila mikwaruzo na bila uji wa udongo. Hii ndiyo mara pekee nitakayokuambia ubandike vibaya. Chora mistari michache inayopita juu ya nusu zote mbili, kiunoni, ili baadaye mistari ikutane. Kisha zichome pamoja, moto mmoja, zimegusana. Ukizichoma siku mbili tofauti moja itasinyaa kuliko mwenzake, na hapo mkataba umevunjika kabla ya kuanza.

Kukausha

Kivulini, mbali na upepo wa ziwa, siku saba kwa ng'ombe na kumi na nne kwa mama. Geuza kila asubuhi. Usiamini macho, udongo hubadilika rangi nje ukiwa bado maji ndani. Kiweke shavuni. Kikiwa cha baridi, kina maji. Kikiwa na joto la chumba, tayari.

Moto

Mwaka wa kwanza nilikubali kuchoma visanamu 30 vya wanafunzi kwa ajili ya sherehe ya shule yao. Vilikuwa na siku nne tu. Mwenyeji wa sherehe alinipigia simu mara tatu, na badala ya kusema hapana nikawasha moto. Tulisikia ya kwanza kama bisi. Halafu zikafuatana. Watoto walikimbilia nyuma ya mwembe, vipande vikaruka hadi kwenye mkeka wa dagaa wa jirani, na visanamu 19 havikutoka salama. Kosa langu, nimeshika kazi hii miaka yote hiyo.

Usiku ule mwalimu wangu akanisomea habari ya Dolní Věstonice, huko Cheki. Hao walikuwa wawindaji wa zaidi ya miaka 25,000 iliyopita, kabla kabisa ya kilimo, nao walichoma wanyama na watu wadogo wa udongo. Vimekutwa vipande maelfu, na wataalamu waliovichunguza wanasema vingi vililipuka motoni, labda kwa makusudi, kwamba mlio wenyewe ndio uliotafutwa. Yule mwanamke wao mashuhuri, aliyepatikana mwaka 1925 akiwa vipande viwili, ana alama ya kidole cha mtoto mwilini. Nilifarijika kidogo. Lakini mimi sikulipua kwa makusudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua siku isiyo na upepo, Julai au Agosti. Fukua shimo pana la kina cha kiganja, utandike vigae vikubwa. Visanamu vipange kuzunguka nje ya moto mdogo, hatua moja mbali, saa moja, ukivigeuza kama mahindi. Kisha visogeze karibu zaidi, saa nyingine. Maji yote yaliyojificha lazima yaondoke kabla moto haujakuwa moto. Baada ya hapo sogeza makaa pembeni, panga visanamu juu ya vigae, vifunike kwa vigae vingine, na juu yake weka mavi makavu ya ng'ombe, pumba za mpunga na makuti makavu ya mchikichi. Sisi wa Kigoma tuna neema ya maganda ya mise, yaani kokwa za mchikichi: yanashika moto taratibu na kukaa na joto muda mrefu. Yaweke katikati ya lundo, si juu.

Washa kwa juu ili moto ushuke wenyewe. Lundo la wazi namna hii hufika nyuzi 600 hadi 800. Kinachotakiwa ni kuvuka 500 na kitu, kwa sababu hapo ndipo yale maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe huondoka, na udongo haurudi tena kuwa tope. Kama huna kipimajoto, na mimi sina, subiri giza. Vikiwaka wekundu kama makaa ya mfua chuma, vimefika.

Penye hewa vitakuwa vyekundu, penye majivu vitakuwa vyeusi. Ukimtaka yule wa kigoda awe mweusi kabisa, mfukie kwa pumba bichi na majivu akiwa bado mwekundu, ukanyage pembeni moshi usitoke. Usifukue hadi asubuhi. Najua utataka kufukua. Chungu changu kikubwa kuliko vyote kilipasuka kwa sababu nilitaka kumwonyesha mgeni.

Kinapovunjika

Usilie na usigundishe. Huko Japani watu wa Jomon, ambao waliishi zaidi kwa kuwinda, kuvua na kuokota, waliacha sanamu za udongo ziitwazo dogū. Zimepatikana kama 18,000, na karibu zote zimevunjika. Mahali pamoja tu, Shakadō, pametoa vipande zaidi ya 1,000. Chunguza ufa wako: ukipita kwenye mshono, ulibandika vibaya, ukianzia katikati ya unene, haukukauka, ukiwa na kishimo cha mviringo kama kijiko, ni mvuke. Kisha tafuta picha za visanamu vya kale vilivyovunjika, uone vimevunjikia wapi. Shingoni, mara nyingi. Sasa jiulize ni vingapi vilivunjwa kwa ibada na vingapi vilikuwa na shingo nyembamba tu. Swali hilo huwezi kulijibu vizuri kama hujawahi kumvunja wako.

Chini ya kila kisanamu, kikiwa kibichi, andika mwaka na alama yako kwa mwiba, ndani kabisa isifutike. Miaka michache tu ya moshi wa jikoni kinaonekana cha kale, na wapo wajanja wa kukiuza hivyo. Na ukikuta gae au kisanamu cha kweli ukiwa unachimba udongo, simamisha jembe. Usikiokote ukakisafisha, maana mahali kilipolala ndiyo habari yake. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Toa taarifa ofisi ya kijiji au halmashauri, nao wafikishe kwa wenye kazi.

Likizo iliyopita wasichana wawili walifinyanga zile nusu mbili. Zilitoka motoni zimeshikana. Nikazipiga kwa upole pembeni mwa kigoda zikaachana safi, mistari minne kila upande. Mmoja alipanda treni kwenda Tabora kwa baba yake, nusu yake imefungwa kwenye soksi. Mwenzake alihama mwezi uliofuata, akaniachia ya kwake nimtunzie. Juzi yule wa Tabora alipiga simu, hakuuliza hata habari za vyungu. "Bibi, nusu ile ipo?" Ipo. Iko juu ya kabati, nyuma ya kopo la sukari.